Kifaa cha Mwaka 2008 na Kompyuta ya Leo: Jinsi Akili ya Pampu Ilivyorudi



Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha jambo ambalo kwa kulitazama ni dogo, kwa kuwa linahusu kifaa kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Hata hivyo, kwa majuma saba jambo hilo dogo ndilo lililoamua kama kaya za kigango chetu cha bondeni zitapata maji ya bomba au zitarudi mtoni. Tumeona ni vema kulieleza kwa kirefu, kwa sababu tunafahamu kwamba vituo vingine navyo vina vifaa vya namna hiyo vilivyolala kabatini, na kamati nyingi zinajiuliza kama ni vya kutupa au vya kutunza.

KILICHOTOKEA

Pampu ya kigango hicho imefungwa kwenye kibanda kando ya kisima. Inaongozwa na sanduku la umeme lililotengenezwa mwaka 2008 na fundi wetu wa wakati ule, ambaye sasa amestaafu. Ndani ya sanduku mna bodi ndogo, na katikati ya bodi mna chipu moja yenye miguu 18. Chipu hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Boya la tangi likishuka, inawasha pampu. Tangi likijaa, inaizima. Na maji ya kisima yakipungua kupita kiasi, inaizima pampu hata kama tangi halijajaa, ili isizunguke bila maji na kuungua.

Wakati wa masika ya mwaka huu radi ilipiga karibu na kisima. Pampu ilipona na nyaya zilipona, lakini chipu ilikufa. Kamati ya maji ilifanya ilichoweza: iliweka swichi ya mkono, na kijana mmoja akapewa kazi ya kuwasha na kuzima. Alifanya kazi hiyo kwa uaminifu, usiku na mchana. Jioni moja alikwenda msibani na kumwachia mdogo wake. Mtoto akasinzia, kisima kikapungua, na pampu ikazunguka kavu mpaka jirani aliposikia harufu ya kuungua. Mota ilinusurika, lakini sili za pampu ziliharibika, na kwa siku nne akina mama walirudi mtoni na ndoo zao. Hatukumlaumu mtoto. Kazi ile haikuwa ya mtoto, wala ya mtu mzima anayehitaji usingizi. Ilikuwa kazi ya chipu.

Rafiki mmoja wa parokia alijitolea kununua sanduku jipya zima. Tulimshukuru sana. Lakini kabla ya kupokea msaada huo tulifungua kabati la karakana tuone tuna nini. Tulikuta chipu tatu mpya za aina ile ile kwenye kopo la maziwa. Tulikuta pia kifaa cha kuandikia chipu, ambacho mafundi hukiita programa, kikiwa kizima katika mfuko wake. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu: kompyuta ya kukiongoza. Kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi na kifaa hicho ilikwisha kufa miaka mingi iliyopita, na kompyuta zetu za sasa hazikuwa na tundu la kuchomekea plagi yake.

Tukajiuliza: je, kifaa kimepitwa na wakati, au tumepoteza tu daraja la kukifikia?

CHIPU HUANDIKWAJE?

Kwa faida ya wasomaji wasio mafundi, tueleze kwanza. Maikrokontrola ni kompyuta nzima ndani ya kipande kimoja kidogo. Ina sehemu ya kufanya hesabu, ina kumbukumbu, na ina miguu ya kupokea habari na kutoa amri. Yetu ni ya aina ya PIC16F628A, inayotengenezwa na kampuni ya Microchip ya Marekani. Inaweza kubeba maagizo yasiyozidi 2,048, na kumbukumbu yake ya kazi ni baiti 224. Ukilinganisha na simu ya mkononi ni kama si kitu, lakini kwa kuangalia maboya na kuwasha pampu inatosha na kubaki.

Chipu inapotoka dukani ni tupu kama daftari jipya. Haijui pampu wala tangi. Kifaa cha kuandikia ndicho kalamu: kinapokea maagizo kutoka kwenye kompyuta na kuyaingiza ndani ya chipu, ambamo hubaki hata umeme ukikatika. Kazi hiyo hufanyika kwa nyaya tano tu. Mbili ni za umeme, moja hupeleka data, moja hupiga mapigo ya kuhesabu data hiyo, na ya tano hupeleka volti kubwa kuliko kawaida, kati ya 10 na 13.5, kwenye mguu wa kuanzishia. Volti hiyo kubwa ndiyo inayoiambia chipu iache kazi yake ya kila siku na ikubali kuandikwa. Isipofika, chipu hukaa kimya, hata kama mengine yote ni sahihi.

Tunaomba msomaji aikumbuke volti hiyo, kwa maana ndiyo iliyotusumbua.

VIFAA HIVI SI VYA AINA MOJA

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kila kifaa cha zamani kina tatizo lile lile. Sivyo. Kuna aina tatu, na kila moja ina dawa yake.

Aina ya kwanza ni kifaa kisicho na akili yake. Ndani yake mna transista chache, dayodi na vipingamizi. Huchomekwa kwenye tundu la COM la pini tisa nyuma ya kompyuta, au kwenye lile tundu refu la printa la pini 25. Kompyuta yenyewe ndiyo inayoinua na kushusha kila waya, pigo kwa pigo. Vile vya tundu la COM mara nyingi hunyonya hata umeme wao kutoka kwenye nyaya hizo hizo. Mafundi wengi walivijenga wenyewe kwa sababu ni rahisi na vya bei ndogo. Chetu ni cha aina hii, kwa mchoro uitwao JDM.

Aina ya pili nayo huchomekwa kwenye tundu la COM, lakini ina umeme wake na chipu yake ya kuongoza kazi. Kompyuta huipa ujumbe tu, na chenyewe hushughulikia mapigo na volti. Mfano ni PICSTART Plus ya Microchip, ambayo hutumia adapta ya volti 9.

Aina ya tatu ni kile kinachotumia USB moja kwa moja, kama PICkit 2 ya kampuni hiyo hiyo.

Mkaguzi wa stoo anaweza kuzitambua kwa macho. Ukiona plagi ya pini tisa na hakuna tundu la adapta, wala chipu kubwa ndani, hiyo huenda ni aina ya kwanza. Ukiona tundu la adapta na chipu ya miguu mingi, huenda ni aina ya pili. Plagi ya USB inajieleza yenyewe.

JARIBIO LA KWANZA: WAYA WA KUBADILISHA

Tulifanya ambalo kila mtu angelifanya. Tulinunua mjini waya wa kubadilisha, wenye USB upande mmoja na pini tisa upande wa pili. Kompyuta iliutambua mara moja na kuupa jina COM5. Tulifurahi mapema mno. Kila tulipojaribu kuandika, programu ilijibu kwamba kuna kosa tangu neno la kwanza. Tulibadilisha chipu, tukabadilisha waya, tukabadilisha kompyuta. Jibu likawa lile lile.

Ndipo tulipompigia simu mzee wetu aliyestaafu. Baada ya shikamoo na marahaba, na kuulizana habari za nyumbani, alituuliza swali moja tu: "Wanangu, mmepima volti?"

Hatukuwa tumepima. Alitueleza la kufanya, nasi tunalieleza hapa kwa sababu yeyote mwenye mita anaweza kulifanya kwa dakika mbili. Namba za pini zimeandikwa kwa herufi ndogo sana kwenye plastiki ya plagi. Weka waya mweusi wa mita kwenye pini ya 5, ambayo ni ardhi, na mwekundu kwenye pini ya 3, ambayo hutoa data. Wakati hakuna kinachotumwa, pini hiyo hukaa kwenye volti hasi. Waya wetu wa USB ulionyesha hasi 5.6.

Hapo fumbo likafunguka. Kanuni za tundu la COM, zijulikanazo kama RS-232, zilianza mwaka 1960, na zinaruhusu mtumaji kutoa volti yoyote kati ya 5 na 15, chanya au hasi. Waya wa kubadilisha hupata umeme wake kutoka kwenye USB, ambayo ina volti 5 tu, na wengi wake huishia kutoa 5 au 6. Hiyo ni halali kabisa kwa kazi ya kutuma ujumbe. Lakini kifaa chetu hakitumi ujumbe tu, kinakula umeme huo huo. Kilijengwa kwa kompyuta zilizotoa volti 10 au zaidi, ili kutokana nazo kipate zile 13 za kufungulia chipu. Kwa volti 5.6 kilikuwa kama mtu anayetakiwa kubeba gunia bila kula.

Aidha kuna shida ya pili. Kujaza chipu yetu yote kunahitaji mapigo zaidi ya 45,000 kwa data peke yake. Tundu la COM la zamani lilibadilisha hali ya waya papo hapo. Waya wa kawaida wa USB husubiri zamu, na zamu hizo huja kila baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa kila pigo kusubiri zamu yake, kazi ya muda mfupi huwa ya dakika nyingi. Kuchelewa peke yake hakuiui chipu, kwa maana inaweza kungoja. Ni njaa ya volti iliyotushinda.

Kwa wenye kifaa cha tundu refu la printa tunatoa tahadhari ya ziada: msinunue waya wa kubadilisha USB kuwa printa. Waya huo hujua kuzungumza na printa peke yake, wala hauwezi kuinua na kushusha pini moja moja kama kifaa kinavyotaka.

JARIBIO LA PILI: TUNDU LILILOKUWEPO SIKU ZOTE

Mzee alituambia tufungue kompyuta ya mezani ya ofisi na kuangalia bodi yake kubwa. Tulistaajabu. Pembeni, karibu na ukingo, kulikuwa na pini tisa fupi katika safu mbili, na kando yake yameandikwa maneno COM1. Bodi nyingi za kompyuta za mezani, hata za miaka ya karibuni, bado zina pini hizo. Watengenezaji wameacha tu kuweka tundu la nje.

Kilichohitajika ni waya mfupi wenye kibati, unaotoka kwenye pini hizo hadi nyuma ya kompyuta. Bei yake haikufikia nauli yetu ya kwenda mjini na kurudi. Jambo moja la kuangalia: nyaya hizo zina mipangilio miwili tofauti, na zinafanana kwa sura. Tulipima kwa mita kwamba pini ya 5 ya nje inafika kweli kwenye ardhi ya bodi, kabla ya kuchomeka chochote.

Tukapima tena pini ya 3. Safari hii mita ilionyesha hasi 10.8. Tundu hili hupata umeme wake kutoka kwenye volti 12 chanya na 12 hasi za pawasaplai ya kompyuta, kama ilivyokuwa zamani.

Kompyuta ndogo za kupakata hazina pini hizo. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo nazo anaweza kuongeza kadi ya COM ndani yake, lakini apime volti kwanza, kwa kuwa baadhi ya kadi nazo hutoa kidogo.

JARIBIO LA TATU: PROGRAMU INAYOKATALIWA

Daraja la umeme lilikuwa limepatikana, likabaki la programu. Programu tuliyotumia mwaka 2008 ilikuwa na kijidraiva chake cha kugusa tundu moja kwa moja, bila kupitia kwa Windows. Zamani hilo liliwezekana. Leo Windows 11 ipo kwa biti 64 tu, na Windows ya biti 64 haikubali kamwe draiva iliyotengenezwa kwa biti 32. Kubofya mara mia hakusaidii, wala kuchagua ule mpangilio wa kuiga Windows za zamani hakusaidii, kwa sababu mpangilio huo hauwagusi madraiva.

Dawa yake ni kutafuta programu inayoomba tundu kwa adabu, yaani kupitia kwa Windows yenyewe. Sisi tulitumia PICPgm, ambayo inafahamu vifaa vya mchoro wa JDM na ina toleo la Windows na la Linux. Tulichagua COM1, tukachagua aina ya kifaa, tukaweka chipu tupu kwenye soketi. Kwa mara ya kwanza chipu ilijibu kwa namba yake ya utambulisho. Waliokuwepo karakana walipiga makofi kana kwamba mtoto amesema neno la kwanza.

Wapo walioshauri turudishe kompyuta ya zamani yenye Windows XP. Si wazo baya, mradi kompyuta hiyo isiunganishwe na intaneti kabisa, kwa kuwa XP iliacha kupata marekebisho ya usalama mwaka 2014. Lakini kompyuta ya namna hiyo ni mgonjwa mwingine wa kuuguzwa, nasi tulitaka dawa ya miaka ijayo.

MAAGIZO YALIKUWA WAPI?

Kalamu ilikuwa tayari. Sasa tuandike nini? Tulikuwa na kituo cha pili chenye sanduku kama lile, tukafikiri tutasoma chipu yake na kuinakili. Tulizima pampu ya huko kwa nusu saa na kuisoma. Tulipata sifuri tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chipu ilikuwa imefungwa kwa kufuli lililomo ndani yake, ambalo huzuia maagizo kusomwa tena. Tuliirudisha salama. Hapa tunawasihi mafundi: chipu iliyofungwa haidhuriki kwa kusomwa, lakini mkibonyeza kitufe cha kufuta mmeipoteza, kufuli na maagizo pamoja.

Wokovu ulitoka kwenye daftari la mzee. Nyuma ya jalada alikuwa amebandika CD ndani ya bahasha. Kompyuta mbili zilishindwa kuisoma, ya tatu ikasoma. Ndani mlikuwa na faili la mistari 94.

Tuliandika chipu, programu ikathibitisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichosomwa, tukaipeleka kigangoni, tukaiweka. Kimya. Hakuna taa, hakuna kitu.

Wengine walianza kusema afadhali sanduku jipya. Tulirudi kwenye daftari. Kwenye ukurasa wa mchoro mzee alikuwa ameandika: "Kristali 4 MHz, XT. WDT ndiyo. LVP hapana." Maneno hayo ni mipangilio ya chipu, ambayo huandikwa mahali pa peke yake. Faili letu halikuwa na mstari wa mipangilio, kwa hiyo chipu ilibaki kama ilivyotoka kiwandani, ikitegemea aina nyingine ya saa na kuipuuza kristali iliyo kwenye bodi. XT huiambia itumie kristali ya kawaida. WDT ni mlinzi anayeianzisha upya ikiganda. LVP isipozimwa, mguu mmoja wa chipu huacha kazi yake na kungojea kuandikwa. Tuliweka alama tatu mahali pake, tukaandika upya, tukarudi bondeni siku iliyofuata.

Saa kumi na dakika chache jioni boya lilishuka, na pampu ikawaka yenyewe. Tulisubiri hadi usiku. Tangi likajaa, pampu ikazima. Yule kijana aliyeamka usiku kwa majuma saba alisimama akaitazama taa ya sanduku, kisha akasema, "Basi leo nalala." Akaenda zake.

KWA WENYE VIFAA VYA AINA NYINGINE

Kama kifaa chenu ni cha aina ya pili, chenye umeme wake, habari ni njema zaidi. Hicho hutumia tundu la COM kwa ujumbe tu, hivyo ule waya wa USB ulioshindwa kwetu unaweza kabisa kufaa kwenu. Shida yenu itakuwa programu ya kuzungumza nacho. Kwa PICSTART Plus, kwa mfano, ipo programu ya Linux iitwayo picp.

Kama mna PICkit 2, hiyo haihitaji draiva ya pekee. Hujitambulisha kwa kompyuta katika kundi moja na kibodi na mausi, na kundi hilo kila Windows inalifahamu. Programu yake ya zamani inahitaji kwanza sehemu ya ziada ya Windows iitwayo .NET Framework 3.5, ambayo ndani yake ina toleo la 2.0. Kwa Linux ipo pk2cmd. Kwa kituo chenye kompyuta za kupakata tu, kifaa cha USB cha namna hii ndicho tunachoshauri. Nasi tumekiweka kwenye mpango wetu wa mwaka ujao kuwa akiba, kwa maana hakuna ajuaye bodi za kesho zitaendelea kuwa na zile pini tisa hadi lini.

MAMBO MATANO KWA KAMATI

Kila kamati yenye mashine inayoongozwa na chipu, iwe ya pampu, ya sola, ya kinu au ya kutotolea vifaranga, tunaomba ijiulize mambo yafuatayo:

1. Faili la maagizo lipo wapi? Liwekwe mahali pasipopungua pawili, na lichapishwe kwenye karatasi pia. Faili letu la mistari 94 lilienea kurasa mbili. Kila mstari wa faili la namna hii huishia na namba ya kuhakiki, hivyo hata likilazimika kuchapwa upya kwa mkono, mstari wenye kosa utajulikana.

2. Mipangilio ya chipu imeandikwa? Maneno machache ya mzee yalikuwa na thamani kuliko waya wote tulionunua.

3. Ipo chipu ya akiba iliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa? Sisi sasa tumebandika moja ndani ya mlango wa kila sanduku.

4. Kama chipu imefungwa, nani anayo nakala iliyo wazi? Fundi akiajiriwa kutengeneza kifaa, mkataba useme kwamba nakala hiyo ni mali ya parokia.

5. Kifaa cha kuandikia kimejaribiwa lini? Kijaribiwe mara moja kwa mwaka, na kila kompyuta ya ofisi inapobadilishwa. Msiitoe ya zamani kabla ya kuona kwamba mpya inaweza kazi hiyo.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Rafiki yetu aliyejitolea kununua sanduku jipya hakukasirika tulipomweleza. Aliomba mchango wake utumike kununua sili za pampu, kinga ya radi kwa vituo vyote viwili, na siku tatu za mafunzo kwa vijana wawili wa kigangoni. Mafunzo hayo yamefanyika, na mwalimu alikuwa mzee mwenyewe. Vijana hao sasa wanajua kupima pini ya 3, na kila mmoja ameandika chipu kwa mkono wake.

Hatusemi kwamba kila cha zamani kitunzwe. Kuna vifaa vilivyokufa kweli, na kuvikumbatia ni kupoteza fedha za waumini. Tunachosema ni kwamba kabla ya kukitupa, tafuteni mazungumzo yanakatikia wapi: kwenye plagi, kwenye volti, kwenye draiva, au kwenye maagizo yenyewe. Kwetu kifaa kilikuwa kizima muda wote. Tulichokaribia kupoteza ni ujuzi wa mtu mmoja, ulioandikwa nyuma ya jalada la daftari. Sanduku jipya lingekuja na chipu yake iliyofungwa, na radi ya masika mengine ingetukuta pale pale.

Kwa hiyo, ndugu wafadhili, mnapotuletea mashine, tunawaomba mtuletee pamoja nayo mchoro wake, faili lake na nafasi ya kijana mmoja kufundishwa. Na ninyi wanakamati, mkitoka kusoma ukurasa huu, nendeni mkafungue kabati. Mkikuta kifaa chenye plagi ya pini tisa msichokifahamu, msikitupe. Tuandikieni kwanza au mkilete ofisini, tutakitazama pamoja.